Bafle za kusimama zilizotumika: jinsi ya kuzichagua kwa chumba kidogo, Lubumbashi

Bafle ndefu za sakafuni huvutia macho kabla ya masikio. Mtu anaziona zimepangwa, iwe kwenye soko la komini ya Kenya au kwenye depo ya mjini, anachukua kubwa kuliko zote, na zikifika nyumbani katika chumba cha mita 3 kwa 4 besi inavuma kwa noti moja tu huku maneno ya mwimbaji yakipotea. Kosa halimo ndani ya bafle. Chumba ndicho kinachoamua ukubwa, na hali ya vipande vya ndani ndiyo inayoamua bei. Mwongozo huu unafuata mpangilio huo: kwanza chumba, kisha ampli, kisha ukaguzi, na mwisho jinsi ya kuziweka.

Hapa bafle ni sanduku zima. Spika ni kila kidude kinachotoa sauti ndani yake: wufa ya besi, spika ya kati, na twita ya sauti nyembamba.

Hatua ya 1: pima chumba kabla ya kwenda sokoni

Chukua utepe, pima urefu, upana na kimo hadi plafo. Kisha gawanya 172 kwa kila kipimo cha mita. Jibu unalopata ni masafa, kwa Hz (mitetemo kwa sekunde), ambayo chumba kitayavimbisha chenyewe bila kujali umenunua bafle gani. Mita 4 zinatoa Hz 43. Mita 3 zinatoa Hz 57. Kimo cha mita 2.8 kinatoa Hz 61. Hiyo 172 ni nusu ya mwendo wa sauti hewani, ambao ni karibu mita 343 kwa sekunde.

Sasa linganisha na muziki wenyewe. Waya mnene wa gitaa la besi la nyuzi nne, ukipigwa wazi, unatoa Hz 41, na oktava yake ya kwanza inaishia Hz 82. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwendo wa besi katika rumba inaangukia palepale chumba kidogo kinapoongeza chumvi yake. Bafle yenye wufa kubwa inayoshuka hadi Hz 30 inamwaga nguvu katika eneo ambalo tayari limejaa. Bafle inayoanza kufifia karibu na Hz 50 inaachia chumba kimalizie kazi, na matokeo yanasikika sawasawa zaidi.

Kwa hesabu ya vitendo: chumba cha chini ya mita za mraba 10 kinatosheka na wufa moja ya sentimita 13, au mbili za ukubwa huo. Mita za mraba 10 hadi 14, chukua wufa moja ya sentimita 16 au 17, au mbili ikiwa utaweza kuzitenga na ukuta. Wufa za sentimita 20 na kuendelea ziache kwa saluni (sebule) yenye mita za mraba 20 au zaidi. Sanduku lenye kimo cha sentimita 80 hadi 100 linatosha, kwa sababu twita inakuwa karibu usawa wa sikio la mtu aliyeketi.

Chumba cha mraba kamili, 3 kwa 3, ndicho kigumu kuliko vyote: urefu na upana vinavimbisha masafa yaleyale, Hz 57, mara mbili. Kama una chumba kingine chenye pande zisizolingana, hata kama ni kidogo kwa nusu mita, kitumie hicho.

Angalia pia chumba kimejengwa kwa nini. Kuta za matofali ya kuchoma zilizopigwa plasta na sakafu ya simenti laini zinarudisha karibu besi yote ndani. Plafo ya tripleksi inameza sehemu ya besi lakini inaweza kutetemeka. Mabati yasiyo na plafo yanatetemeka zaidi. Simama katikati ya chumba, piga kofi moja. Ukisikia mlio mkali unaorukaruka kati ya kuta, jua kwamba utahitaji zulia na pazia nzito, na uzitengee pesa zake tangu sasa.

Hatua ya 2: ampli na umeme

Bafle za kawaida hazichomekwi kwenye umeme. Ampli ndiyo inayozisukuma. Soma nyuma ya ampli yako. Ikiandikwa ohm 8 (ohm ni kipimo cha ukinzani wa umeme) kuwa ndiyo kiwango cha chini, usinunue bafle za ohm 4. Ampli italazimika kutoa mkondo wa umeme ulio karibu mara mbili, itapata joto, itajizima au itaungua. Bafle ya ohm 6 inakubalika kwenye ampli nyingi kama husikilizi kwa sauti ya juu.

Kitu cha pili ni wepesi wa bafle, si wa uzito bali wa kutoa sauti kwa nguvu ndogo, unaoandikwa kwa desibeli kwa wati 1 kwenye umbali wa mita 1. Bafle nyingi za kusimama ziko kati ya 86 na 91. Tofauti ya desibeli 3 ni sawa na kuongeza nguvu ya ampli mara mbili: bafle ya 91 kwa wati 20 inatoa sauti sawa na bafle ya 88 kwa wati 40. Kwa anayetumia betri na inverta umeme wa SNEL unapokatika, hilo si jambo dogo. Chagua yenye namba kubwa ya desibeli, na ampli ndogo ya wati 20 au 30 halisi itakutosha kwa umbali wa mita 2.

Tahadhari moja ambayo watu huisikia kinyume: ampli dhaifu inayofunguliwa hadi mwisho inaua twita kwa urahisi kuliko ampli yenye nguvu inayotumiwa kwa upole. Ampli ikizidiwa inakata vichwa vya mawimbi, na mawimbi yaliyokatwa yanabeba nguvu nyingi ya sauti nyembamba, ambayo yote inaelekea kwenye twita.

Ukikuta bafle zenye waya wa umeme na ampli yake ndani, soma kibandiko cha volti. Zilizotengenezwa kwa soko la Marekani ni za volti 110 hadi 120, na hapa plagi inatoa 220. Zikichomekwa bila transfoma zinakufa mara moja.

Hatua ya 3: tofautisha bafle halisi na sanduku la maonyesho

Aina tatu zitakuja mbele yako.

Ya kwanza ni bafle za stereo hasa, kama zile za JBL, KEF, Bowers & Wilkins, Tannoy, Mission, Jamo, Canton, au za Kifaransa kama JMlab, Cabasse na Triangle. Hizi ndizo unazotafuta, na umri peke yake usikutishe. Sanduku zuri la miaka 25 linaweza kukushinda umri kama limekaa pakavu.

Ya pili ni nguzo nyembamba zilizotoka kwenye seti za sinema ya nyumbani. Ni ndefu na maridadi, lakini ndani yake kuna spika mbili za sentimita 7 au 8, waya zinaingia kwa plagi ya pekee, na besi yote ilikuwa inatoka kwenye sabwufa, sanduku la besi la pekee, iliyobaki Ulaya. Zikiuzwa peke yake hazina faida kwako.

Ya tatu ni masanduku mapya yenye taa, kioo na maandishi ya maelfu ya wati. Nyanyua. Bafle ya kusimama yenye wufa ya sentimita 16 kwa kawaida ina uzito wa kilo 12 hadi 20. Ikiwa unainyanyua kwa mkono mmoja bila kukaza mgongo, mbao zake ni nyembamba na sumaku zake ni ndogo. Baadhi ya hizi zina spika za mapambo zisizounganishwa na chochote.

Kati ya bafle halisi, angalia tundu la hewa liko wapi. Tundu la nyuma linataka nafasi ya sentimita 40 hadi 60 hadi ukutani. Tundu la mbele linavumilia sentimita 20 au 30. Bafle isiyo na tundu kabisa ndiyo rahisi kuliko zote kwa chumba kidogo, ila ni nadra katika umbo la kusimama. Kwa umbali wa mita 2, bafle yenye spika nyingi zilizotawanyika kutoka juu hadi chini huwa haijaungana vizuri: unasikia twita huku na wufa kule. Bafle ya njia mbili, yaani ya wufa na twita tu, au ile ambayo twita iko katikati ya spika ya kati kama KEF nyingi, inaungana mapema.

Hatua ya 4: ukaguzi kwa macho na vidole

Toa vitambaa vya mbele vyote viwili. Muuzaji akikataa visitolewe, maliza hapo. Atakuambia: «Mukubwa, hii ni ya Ulaya, haina shida.» Mjibu kwa heshima, «Patron, niache niangalie kwanza,» kisha angalia kweli.

Anza na ukingo wa wufa, ule mviringo unaounganisha koni, sehemu inayotetemeka, na fremu ya chuma. Upo wa aina tatu. Ukingo wa mpira unadumu muda mrefu. Ubonyeze, unapaswa kurudi, usiwe mgumu wala wenye nyufa. Ukingo wa kitambaa kilichopakwa dawa unadumu kuliko yote. Ukingo wa sponji ndio unaokufa: hewa yenye unyevu na mwanga huimeng'enya, na baada ya miaka 10 hadi 20 inageuka unga wa kunata. Iguse kwa upole kwa ncha ya kidole. Ikiacha alama au ikimeguka, wufa hiyo inahitaji ukingo mpya. Kazi hiyo inawezekana kwa fundi mtulivu mwenye gundi inayofaa, lakini ukingo wenye kipenyo sahihi mara nyingi lazima uagizwe nje, kwa hiyo bei ya bafle ishuke kwa thamani ya vipande viwili pamoja na usafiri.

Usikubali ukingo uliozibwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli, silikoni au gundi nene. Koni iliyozibwa hivyo imeongezewa uzito na ugumu upande mmoja, haisogei tena sawasawa, na koili yake, waya uliozungushwa nyuma ya koni, itakuja kugusa sumaku.

Sasa koni yenyewe. Weka vidole vinne kuzunguka kifuniko cha katikati, vikiwa vimeachana kwa nafasi sawa, sukuma ndani milimita chache polepole, achia. Lazima isogee laini na kimya. Ukisikia mkwaruzo kama wa mchanga, koili imehama, imeungua, au vumbi la chuma limeingia. Rudia kwa kila wufa, na ulinganishe kushoto na kulia: moja ikiwa ngumu kuliko mwenzake, moja kati ya hizo imebadilishwa. Kwenye KEF yenye twita katikati ya koni, sukuma kwa nje zaidi, usiguse twita.

Twita haisukumwi kamwe. Iangalie tu. Kuba la kitambaa lililobonyea mara nyingi linavutwa kwa utepe wa gundi nyepesi na kurudi bila madhara makubwa. Kuba la alumini au titani lililobonyea hubaki na mkunjo, na sauti ya juu inabadilika. Kuna jambo la kujua hapa: twita za JMlab zimeundwa zikiingia ndani kama kibakuli. Wengi huziona na kudhani mtoto amezibonyeza, wanaziacha. Zikiwa laini na sawa pande zote, ziko kama zilivyotoka kiwandani.

Tazama skrubu. Vichwa vilivyochubuka vinasema bafle imefunguliwa. Hilo peke yake si kosa, lakini omba ifunguliwe tena mbele yako. Wufa mbili lazima ziwe na sumaku ya ukubwa uleule na maandishi yaleyale nyuma. Angalia ubao wa filta, unaogawa sauti kati ya wufa na twita: kapasita zilizovimba au kuvuja, koili za waya zilizong'oka, lehemu mpya ya ovyo. Kapasita za zamani za kimiminika hupoteza sifa taratibu, na dalili yake ni sauti nyembamba iliyofifia. Ni vipande vya bei nafuu. Fundi anabadilisha kwa kufuata thamani ileile ya mikrofaradi na volti isiyopungua ya mwanzo, zote mbili, kushoto na kulia, siku moja.

Mwisho geuza sanduku, uone chini. Masanduku mengi ni ya unga wa mbao uliobanwa. Yakilowa yanavimba na hayarudi. Katika nyumba ambako sakafu ya simenti inaoshwa kwa maji kila asubuhi, kitako ndicho kinachoanza. Pitisha kidole kwenye kingo: kama zimetutumka au rangi inabanduka kwa magamba, maji yaliingia. Gonga pande zote kwa kifundo cha kidole. Mlio mfupi na mzito ni mzuri. Mlio wa mtungi mtupu mahali pamoja unaonyesha gundi imeachia au mchwa wamepita. Mchwa wa Katanga hawahitaji kuelezwa kwa mtu wa huku: njia ndogo ya udongo kwenye kona ya kitako, acha bafle hiyo hapohapo, hata ikipewa bure, isije ikaingia nayo nyumbani. Tikisa sanduku kidogo pia. Kitu kikicheza ndani ni sumaku iliyobanduka, kipande cha filta, au kiota cha panya aliyeingia kwa tundu la hewa.

Hatua ya 5: multimeta na betri ya remoti

Beba multimeta ya kawaida, kifaa cha kupima umeme, na betri moja ya volti 1.5.

Weka multimeta kwenye ohm, gusa vichomeo vya nyuma, huku ampli ikiwa haijaunganishwa. Bafle ya ohm 8 inaonyesha takriban 5.5 hadi 7. Ya ohm 4 inaonyesha karibu 3 hadi 3.6. Namba isiyolingana na kibandiko si ajabu, kwa kuwa multimeta inapima waya tu, haipimi bafle ikiwa inafanya kazi. Linalokuhusu ni kwamba kushoto na kulia zifanane. Tofauti ya zaidi ya nusu ohm inahitaji maelezo. Ikisoma karibu na sifuri kuna shoti. Isiposoma kitu, koili ya wufa au filta imekatika.

Baadhi ya bafle zina vichomeo vinne na vibati viwili vinavyoviunganisha. Ukiondoa vibati hivyo na kupima viwili vya juu, multimeta haitasoma kitu. Usiseme twita imekufa. Mbele ya twita kuna kapasita, na kapasita haipitishi umeme wa moja kwa moja. Twita inapimwa kwa muziki. Hakikisha vibati vyote vinne vya bafle mbili vipo, la sivyo bafle itatoa besi tu au sauti nyembamba tu.

Kisha betri: gusisha chanya kwenye kichomeo chekundu na hasi kwenye cheusi kwa nusu sekunde. Wufa zote lazima ziruke kwenda mbele. Moja ikirudi nyuma, ilifungwa kinyume na fundi, na itakuwa inafuta besi ya mwenzake. Kugeuza waya mbili ni kazi ya dakika tano, lakini muuzaji asiyejua ndiye atakayekupunguzia bei.

Hatua ya 6: sikiliza kwa utaratibu

Ukaguzi wote uliotangulia unaweza kufanyika hata umeme ukiwa umekatika. Huu hauwezi, na usilipe kabla ya kuufanya. Muuzaji akisema hakuna umeme leo, rudi kesho, au uje na ampli ndogo ya volti 12 na betri yake.

Weka kwenye simu nyimbo tatu unazozijua kwa moyo, pamoja na programu ya kutoa masafa. Nyimbo zenyewe: moja yenye sauti ya mtu mmoja na gitaa kavu, moja ya rumba yenye besi inayotembea, moja ya kwaya. Ziwe mafaili safi, si zile zilizopitishwa kwenye WhatsApp mara kumi.

Anza na masafa, kwa sauti ya chini. Nenda taratibu kutoka Hz 200 kushuka hadi 40. Kila wufa itoe mvumo safi. Mtetemo au mkwaruzo ukitokea mahali fulani, simamisha hapo, gusa kitambaa, vichomeo, kisha sanduku. Ukikoma kwa kugusa, ni kitu kilicholegea. Usipokoma, unatoka kwenye koili. Fanya kwa bafle moja, kisha nyingine. Usipeleke mlio mmoja mfululizo kwa twita kwa sauti kubwa. Unaiunguza kwa dakika chache.

Kwa twita, kunja gazeti kuwa bomba jembamba, weka sikio upande mmoja na upande mwingine karibu na kila spika, muziki ukicheza polepole. Kila moja lazima itoe sauti ya aina yake. Hapo ndipo spika za mapambo zinapogundulika, na twita zilizokufa ambazo wufa ilikuwa ikizificha.

Baada ya hapo cheza wimbo wa sauti ya mtu mmoja, simama katikati ya bafle mbili. Mwimbaji asimame katikati, mdomo wake ukiwa mahali pamoja. Akivutwa upande mmoja, badilisha waya kushoto na kulia kwenye ampli. Akihama pamoja na waya, kosa ni la ampli au simu. Akibaki upande uleule, bafle moja ni dhaifu, mara nyingi twita au kapasita. Mwimbaji akiwa hana mahali, ametawanyika kama ukungu na besi imekonda, bafle moja imefungwa kinyume: geuza waya zake mbili, usikilize tena.

Usishawishike na sauti kubwa dukani. Muuzaji akiongeza volumu, ipunguze hadi kiwango cha mtu anayezungumza. Bafle nzuri inabaki na maneno, kinanda na besi hata ikiwa chini. Iliyochoka inabaki na mvumo.

Hatua ya 7: bei na safari ya kurudi

Kila kasoro uliyoipata iwe na gharama yake kichwani mwako kabla ya kuanza kuzungumza bei: ukingo wa sponji, kapasita, vichomeo. Mkwaruzo kwenye rangi hauna maana kwa sauti, lakini una maana kwa bei, utumie. Koili inayokwaruza, sanduku lililovimba na twita ya chuma iliyobonyea haziombwi punguzo, zinaachwa. Bafle moja bila ya pili yake pia iache, hata kama muuzaji anaahidi kuipata wiki ijayo.

Zibebe zimelala kwa mgongo, nyuso juu, blanketi kati yao, vitambaa vya mbele vikiwa vimerudishwa na kipande cha katoni juu ya twita. Kwenye pusipusi zifunge kwa kamba kuzunguka sanduku, kamba isipite juu ya spika. Misumari ya chini ya bafle itolewe ibebwe mfukoni.

Hatua ya 8: kuziweka nyumbani

Kabla ya kuunganisha, pima ampli kama nayo ni ya zamani. Iwashe bila bafle, simu ikiwa haichezi kitu, weka multimeta kwenye milivolti za umeme wa moja kwa moja, pima vichomeo vya kutokea vya kila upande. Chini ya 50 ni salama. Zaidi ya 100, ipeleke kwa fundi kwanza, kwa sababu inapeleka umeme usiokoma ndani ya wufa zako na kuzipasha joto hata kukiwa kimya.

Mfano wa chumba cha mita 3 kwa 4. Weka bafle mbele ya ukuta mfupi. Katikati ya bafle moja hadi katikati ya nyingine, mita 1.8, hiyo inaacha sentimita 60 hadi kila ukuta wa pembeni. Mgongo wa bafle uwe sentimita 50 kutoka ukuta wa nyuma yake. Bafle yenye kina cha sentimita 30, uso wake utakuwa sentimita 80 kutoka ukutani. Sentimita 60 na 80 zinatofautiana, na ndivyo inavyotakiwa: umbali wa wufa hadi ukuta wa nyuma ukilingana na ule wa pembeni, kuta zote mbili zinavimbisha masafa yaleyale.

Kiti kiwe mita 2.5 kutoka ukuta uliopo nyuma ya bafle, yaani mita 1.5 kutoka ukuta ulio nyuma yako. Hapo uko karibu mita 1.9 kutoka kila bafle. Usikae katikati kabisa ya chumba, kwenye mita 2: ile Hz 43 ya urefu wa chumba inazimika hapo, na utadhani bafle hazina besi. Usiegemeze kiti ukutani pia, maana huko inavimba kupita kiasi. Sogeza kiti sentimita 10 mbele au nyuma ukisikiliza besi inayotembea hadi kila noti ipate uzito unaokaribiana na wa jirani yake.

Besi ikiwa bado nyingi, jaza tundu la hewa kwa soksi mbili safi zilizokunjwa. Njia hii inashinda kitufe chochote cha ampli, kwa kuwa inapunguza pale hasa tundu linapofanya kazi. Sauti nyembamba ikikukata, elekeza bafle zikutazame kidogo tu badala ya uso kwa uso, na utandike zulia kati yako na bafle. Simenti tupu inarudisha twita sikioni kwa kuchelewa kidogo na kuharibu mahali pa mwimbaji.

Waya: kwa mita 4 kila upande, shaba ya milimita za mraba 1.5 inatosha, 2.5 kama ni ndefu zaidi. Inauma kusema hivi katika mji ulioinuka juu ya shaba, lakini waya nyingi za bei ndogo ni alumini iliyopakwa shaba. Kwaruza uzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe ndani, si shaba. Inafanya kazi, ila chukua unene wa juu zaidi na usiikunje mara nyingi, inakatika. Vichomeo vikazwe kwa vidole, na nyuzi zisigusane hata moja.

Inua kitako sentimita 2 au 3 kutoka sakafuni, kwa misumari yake au vipande vya mpira mgumu, maji ya kuoshea yasifike kwenye mbao. Sakafu isiyo sawa iwekee kigae chembamba chini ya mguu mmoja hadi bafle isitikisike. Gundisha wavu mwembamba wa mbu ndani ya tundu la nyuma kwa ajili ya panya, usiozuia hewa. Wakati wa kiangazi, Mei hadi Septemba, vumbi jekundu linaingia kila mahali: vitambaa vya mbele vibaki mahali pake msikilizaji akiwa hayupo, na koni ifutwe kwa brashi laini kavu, kamwe si kwa kitambaa chenye maji.

Umeme ukikatika, zima ampli na uichomoe. Ukirudi, subiri dakika chache volti itulie, washa kwanza chanzo cha muziki, ampli iwe ya mwisho. Wakati wa kuzima, ampli iwe ya kwanza. Mshindo unaosikika ukigeuza mpangilio huo unapigwa moja kwa moja kwenye koni za wufa. Baada ya wiki mbili za kusikiliza, rudi kwenye skrubu za spika zote, uzikaze kwa mkono robo mzunguko pale zilipolegea, bila nguvu: mbao iliyobanwa ikishatoboka haishiki skrubu tena.